Muhuri Usio na Jina la Mfalme

Katika masimulizi yaliyozoeleka kuhusu Uskoti ya zama za kati, makabaila ndio wabaya wa hadithi. Mfalme huonekana akihangaika kuijenga nchi, shujaa asiye na cheo humwaga damu yake, nao wenye ngome na majimbo ya kurithi huonekana wakiuza kila kitu kwa jirani wa kusini ilimradi mashamba yao yasiguswe. Picha hiyo haikutungwa yote, kwa kuwa wapo walioapa kiapo asubuhi na kukivunja kabla ya jua kuchwa. Hata hivyo nimeyasoma mambo ya nchi ile kwa miaka kadhaa, na kila ninavyozidi kusoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba picha hiyo imepinduliwa. Kati ya mwaka 1286 na katikati ya karne ya 15, ufalme wa Uskoti ulibaki hai kwa sababu makabaila walijifunza kukitofautisha kiti na mtu anayekikalia, na mara nyingi aliyekihatarisha kiti hicho kuliko wote alikuwa mfalme mwenyewe au mtu aliyetaka kuwa mfalme.

Nitakaposema Uingereza hapa nina maana ya ufalme wa kusini peke yake, kama ulivyokuwa wakati ule, wala si dola ya leo inayozijumuisha nchi hizo mbili.

Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Machi 1286, Mfalme Alexander wa Tatu alivuka mlango wa bahari wa Forth katika hali mbaya ya hewa, akielekea Kinghorn kwenye pwani ya Fife, alikokuwa mke wake kijana, Yolande wa Dreux, aliyemwoa miezi michache tu iliyotangulia. Aliokuwa nao wakapotezana naye gizani, na asubuhi akakutwa amekufa ufuoni. Watoto wake watatu walikuwa wamekwisha kufa kati ya 1281 na 1284. Mrithi aliyebaki alikuwa mjukuu wake Margaret, mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyekuwa ng'ambo ya bahari kwa baba yake, mfalme wa Norwei.

Mwezi uliofuata wakuu wa nchi walikutana Scone wakachagua watu sita wa kuuendesha ufalme: maaskofu wawili, maerli wawili, yaani makabaila wa daraja la juu kabisa waliorithi majimbo ya kale, na wengine wawili wa daraja lililofuata. Wanahistoria huwaita walinzi. Mimi napendelea kuwaita wasimamizi, kwa sababu kila mmoja wetu anamjua msimamizi wa mirathi, mtu anayeshika mali isiyo yake mpaka mwenyewe apatikane, na ambaye ndugu wote wana haki ya kumdai hesabu. Familia mbili zilizokuwa na madai ya karibu zaidi ya kurithi kiti, akina Balliol na akina Bruce, hazikupewa nafasi yoyote miongoni mwa hao sita. Uamuzi huo peke yake unaonyesha kwamba waliokutana Scone walijua wanachokifanya.

Kisha wakachonga muhuri. Muhuri mkuu wa wafalme wa Uskoti ulikuwa na sura ya mfalme ameketi kitini upande mmoja, na mfalme juu ya farasi upande wa pili. Muhuri wa wasimamizi haukuwa na mfalme popote. Upande mmoja uliwekwa ngao yenye simba, alama ya ufalme, ukizungukwa na maneno ya Kilatini yanayosema kwamba huu ni muhuri wa Uskoti uliowekwa kwa ajili ya kuuendesha ufalme; upande wa pili alionekana Mtakatifu Andrea juu ya msalaba wake, pamoja na dua ya kumwomba awaongoze Waskoti, watu wa nchi yake. Kipande kile cha nta kinaweza kushikwa kwa viganja viwili, lakini wazo lililochongwa ndani yake ni kubwa mno kwa karne ya 13: kwamba kuna kitu kiitwacho Uskoti kinachoweza kuamuru, kulipa, kuhukumu na kuandikiana na mataifa ilhali kiti kiko wazi. Wenyewe walikiita kitu hicho jumuiya ya ufalme.

Mmoja wa wale sita, erli wa Fife, aliuawa na jamaa zake mwaka 1289, na mwingine alifariki mwaka huohuo. Waliobaki wakaendelea na kazi. Mwezi Julai 1290 walifikia makubaliano na Edward wa Kwanza wa Uingereza, yaliyofanyika Birgham, kwamba Margaret ataolewa na mwana wa Edward, lakini kwa sharti lililoandikwa waziwazi kuwa Uskoti itabaki ufalme wa peke yake, wenye sheria zake na desturi zake. Miezi michache baadaye mtoto yule akafia Orkney akiwa njiani kuja katika nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini ukoo wa kifalme uliotawala kwa karne kadhaa ulijikuta umebakiwa na mtoto mmoja wa kike. Bahati mbaya ina sehemu yake katika jibu, na sehemu nyingine ni damu iliyomwagwa na ukoo wenyewe. Zamani kiti cha Uskoti kilizunguka kati ya matawi ya ukoo, na mtu mzima mwenye uwezo alipewa nafasi mbele ya mtoto. Macbeth, ambaye wasomaji wengi wanamjua kutoka jukwaani tu, alitawala kuanzia 1040 hadi 1057 kwa utaratibu wa namna hiyo. Wafalme wa karne ya 12 na ya 13 waliamua kwamba kiti kitashuka kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wake mkubwa tu, na tawi lolote lililodai vinginevyo likafyekwa. Wa mwisho kufyekwa katika ukoo wa MacWilliam alikuwa mtoto mchanga wa kike. Mwaka 1230, katika mji wa Forfar, baada ya mpiga mbiu kutangaza, kichwa chake kilipigizwa kwenye nguzo ya msalaba wa sokoni mpaka akafa. Haya yalifanywa kwa jina la mfalme ili kiti kiwe salama. Miaka 56 baadaye kiti hicho kilikuwa kinatafuta ndugu wa kukikalia, na hawakuwepo.

Ndipo wakajitokeza wadai 13. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba makabaila wa Uskoti walimwendea Edward kwa magoti wakamkabidhi nchi, lakini mwenendo wa kesi yenyewe unaonyesha jambo jingine. Mwezi Mei 1291, pale Norham mpakani, Edward aliwataka Waskoti wamkubali kwanza kuwa bwana mkuu juu ya ufalme wao ndipo aamue nani mrithi. Waliozungumza kwa niaba ya jumuiya walijibu kwamba hawana habari ya haki kama hiyo, na kwamba jambo zito namna hiyo linaweza kujibiwa na mfalme tu, naye kwa sasa hayupo. Jibu hilo ni la msimamizi hasa: mali si yangu, siwezi kuigawa. Edward akaelewa kwamba kwa mlango huo hatapita, akawageukia wadai mmoja mmoja, na hao wakamkubalia, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba anayekataa atakuwa amejitoa katika kinyang'anyiro. Waliotoa kile ambacho jumuiya ilikataa kukitoa walikuwa wale waliokitamani kiti.

Kesi ilisikilizwa na watu 104 waliofanya kazi kama ya wazee wa baraza: 40 waliteuliwa na John Balliol, 40 na Robert Bruce mzee, babu wa yule atakayekuwa mfalme, na 24 na Edward mwenyewe. Balliol alitoka katika tumbo la binti mkubwa wa David, erli wa Huntingdon, ndugu mdogo wa babu wa Alexander wa Tatu, ila kwa vizazi zaidi; Bruce alitoka katika tumbo la binti wa pili, lakini alikuwa karibu zaidi na David huyo kwa kizazi kimoja. Tarehe 17 Novemba 1292 Balliol akapewa, na kwa kipimo cha sheria ya urithi iliyokuwa imekwisha kukubalika sioni kosa katika hukumu hiyo. Siku zilezile muhuri wa wasimamizi ukavunjwa vipande vinne, na vipande hivyo vikapelekwa kutunzwa katika hazina ya mfalme wa Uingereza kama ushahidi wa ubwana wake. Edward alikuwa mtu wa sheria na alijua nini hasa anakivunja.

Wazo halikuvunjika pamoja na nta. Edward alipoanza kumwita Balliol kortini kwake kama mshtakiwa wa kawaida, wakuu wa Uskoti waliunda baraza la watu 12 mwaka 1295, likachukua uongozi na kufunga mapatano na Ufaransa. Vita vilivyofuata vilikuwa vibaya: mji wa Berwick ulichinjwa mwezi Machi 1296, jeshi likashindwa Dunbar mwezi Aprili, na Julai Balliol akavuliwa ufalme huku nembo yake ikinyofolewa kwenye joho. Jiwe la Scone, lililotumika katika kuwakalisha wafalme, likabebwa hadi Westminster. Hapo tena ndipo watu wengi wenye ardhi, zaidi ya 1,500, walipoandika majina yao kwenye orodha ya kumtii Edward. Sitaki kulifunika jambo hili. Akina Bruce wenyewe walikuwa upande wa Edward mwaka ule, kwa kuwa walimchukia Balliol na walikuwa na ardhi pande zote mbili za mpaka. Ardhi ndiyo iliyokuwa uhai wa kabaila. Aliyeinyang'anywa alibaki na jina tu.

Pamoja na yote hayo, tukio moja la Peebles la Agosti 1299 hunirudia kila ninaposoma kwamba watu hao hawakuwa na dhamira. Tunalijua kupitia barua ya mkuu wa ngome ya Roxburgh, aliyekuwa akiitumikia Uingereza na aliyekuwa na mpelelezi wake katika mkutano ule. Wasimamizi wakati huo walikuwa John Comyn na Robert Bruce kijana, mjukuu wa yule mdai, watu wawili wasiopendana. Ugomvi ulianzia kwenye mali za William Wallace, aliyeongoza uasi dhidi ya Edward mwaka 1297 na kuwa msimamizi kabla yao, na ambaye sasa alikuwa ameondoka nchini bila ruhusa: mmoja akadai apewe, ndugu yake Wallace akapinga, visu vikachomolewa. Comyn akamrukia Bruce akamkaba koo, na erli wa Buchan akamkunja askofu wa St Andrews. Wenzao wakawatenganisha. Mwisho wa siku hiyohiyo, wakiwa bado na alama za vidole shingoni, walikaa wakakubaliana kwamba askofu aongezwe kuwa msimamizi wa tatu ili awe kati yao, na kwamba ngome za ufalme ziwe chini ya mikono yake.

Wote hao watatu walifanya kazi kwa jina la Mfalme John Balliol, mtu aliyevuliwa joho, asiyekuwepo nchini, na ambaye Bruce alirithishwa na babu yake kuamini kwamba amekikalia kiti kisicho haki yake. Bado Bruce alipiga muhuri kwa jina la Balliol kwa takriban miaka miwili kabla ya kujiuzulu, na alipofika 1302 alikuwa amerudi kwa Edward, kwa sababu kulikuwa na kila dalili kwamba Balliol angerejeshwa. Naiona miaka hiyo miwili kuwa ushahidi mzito kuliko zile sahihi za 1296, kwa maana sahihi zilitolewa mbele ya jeshi lililoshinda, ilhali mihuri hii ilipigwa bila mtu kumwekea Bruce upanga.

Subira hiyo ilikatika tarehe 10 Februari 1306, mbele ya madhabahu ya kanisa la watawa wa Kifransisko mjini Dumfries, Bruce alipomchoma kisu John Comyn. Wiki sita baadaye alikuwa mfalme. Wanaompenda Bruce husema hapakuwa na njia nyingine. Mimi sina hakika hiyo, na ninaona kwamba gharama ya kisu kile ililipwa na Waskoti kwa miaka 50: akina Comyn na jamaa zao wote waliokuwa nguzo ya upande wa wasimamizi sasa waligeuka maadui wa kisasi, na kwa mara ya kwanza vita vya kuulinda ufalme vilikuwa pia vita vya wenyewe kwa wenyewe juu ya nani ni mfalme.

Kutawazwa kwenyewe kunastahili kuangaliwa kwa karibu. Wafalme wa Uskoti wakati huo hawakupakwa mafuta kama wa Ufaransa na Uingereza. Papa alitoa ruhusa hiyo mwaka 1329 tu, na wa kwanza kupakwa alikuwa David wa Pili mwaka 1331. Kiini cha sherehe kilikuwa kukalishwa kitini, na haki ya kumkalisha mfalme ilikuwa ya mkuu wa ukoo wa Fife. Mwaka 1306 mkuu huyo alikuwa kijana aliye mikononi mwa Edward. Akaja mwanamke wa ukoo, Isabella, akaifanya kazi hiyo yeye mwenyewe. Alikuwa mke wa erli wa Buchan, naye erli huyo alikuwa Comyn, ndugu wa mtu aliyeuawa Dumfries. Kwa maneno mengine, aliondoka katika nyumba yenye msiba akaenda kumkalisha kitini aliyeusababisha. Alipokamatwa, Edward aliagiza atengenezewe kizimba cha mbao na chuma katika ngome ya Berwick, na humo alikaa miaka minne. Sijui kisa kingine kinachoonyesha wazi zaidi uzito wa kitendo kile machoni pa pande zote mbili: mwanamke mmoja alishika mkono wa mtu akamketisha, na mfalme mwenye nguvu kuliko wote kisiwani akaona hilo lastahili kizimba.

Bruce alishinda. Ushindi wa Bannockburn wa Juni 1314 unajulikana, wala sitaurudia. Muhimu kuliko vita hivyo kwa hoja hii ni bunge lililokaa Cambuskenneth mwezi Novemba mwaka huo, lililoamua kwamba kila asiyekuja katika amani ya mfalme amepoteza ardhi yake ya Uskoti. Kuanzia hapo mtu hakuweza tena kuwa kabaila wa wafalme wawili. Uamuzi huo ulizaa kundi la waliopoteza mashamba, ambao mwaka 1332 walirudi wakiwa na mwana wa Balliol na silaha za Kiingereza, na kuitia nchi katika vita vipya. Lakini pia ulimlazimisha kila aliyebaki kuwa na nchi moja ya kufia.

Miaka sita baada ya bunge lile la Cambuskenneth ikaandikwa barua ya Arbroath, ya tarehe 6 Aprili 1320, kwenda kwa Papa Yohane wa Ishirini na Mbili, ikiwa na majina ya maerli wanane na makabaila wengine 31. Watu hukumbuka sentensi inayosema kwamba maadamu mia moja kati yetu tungali hai hatutakubali kamwe kuwa chini ya Waingereza. Sentensi inayotangulia hiyo ndiyo inayonishika mimi. Inasema kwamba iwapo Robert mwenyewe ataiacha kazi aliyoianza na kutaka kuuweka ufalme chini ya Waingereza, watamfukuza kama adui na mharibifu wa haki zao na zake, na kumweka mwingine atakayeweza kuwalinda. Wapo wanaosema kwamba maneno hayo yaliandikwa na makarani wa Bruce mwenyewe kwa faida yake, ili kumtetea mfalme aliyepata kiti kwa kumpita Balliol. Nakubali kwamba yalitoka ofisini kwa mfalme. Lakini karani anayemtetea bwana wake huchagua hoja anayojua itakubalika kwa waliotia mihuri, na hoja aliyoichagua ni ileile ya mwaka 1286: kiti ni cha jumuiya, na anayekikalia amekabidhiwa.

Baadhi ya mihuri ile haikudumu hata mwaka. Mwezi Agosti 1320 bunge la Scone liliwahukumu watu waliopanga kumwondoa Bruce, na miongoni mwao walikuwamo William Soules, Roger Mowbray na David wa Brechin, ambao majina yao wote watatu yamo katika barua ya Arbroath. Soules alifungwa maisha. David alinyongwa kwa kosa la kujua na kunyamaza. Mowbray alikuwa amekwisha kufa, nao wakaileta maiti yake mbele ya bunge ihukumiwe. Inawezekana kabisa kwamba watu hao walijiona wanatimiza walichokiandika: waliamini kiti ni cha nyumba ya Balliol, na walikuwa wameapa kukilinda kiti.

Kwamba sentensi ile haikuwa mapambo kulithibitishwa na mtoto wa Bruce. David wa Pili alitekwa vitani Neville's Cross mwaka 1346, akakaa kifungoni miaka 11, na mwaka 1357 akaachiwa kwa fidia ya marki 100,000, kipimo cha fedha cha wakati ule, zilizopaswa kulipwa kwa awamu ndani ya miaka kumi. Hakuwa na mtoto. Akaleta pendekezo kwamba mtoto wa mfalme wa Uingereza akubaliwe kuwa mrithi, nalo deni lifutwe. Mwezi Machi 1364 bunge lililokaa Scone likamkatalia. Nchi ilikuwa imechoka, na kodi ya fidia iliwaelemea watu ambao hawakuulizwa kama wanataka vita: wakulima na wafuga kondoo wasioonekana katika nyaraka ila kama hesabu ya sufu iliyotozwa ushuru. Makabaila hawakuwa watetezi wa wakulima hao, wala sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba siku ile mfalme ndiye aliyekuwa tayari kukitoa kiti, na wao ndio waliokataa.

Ukijumlisha miaka ambayo Uskoti haikuwa na mfalme, au mfalme wake alikuwa mtoto, mkimbizi au mfungwa, kuanzia kifo cha Alexander hadi kurudi kwa James wa Kwanza mwaka 1424, utapata takriban miaka 57 kati ya 138. Sehemu kubwa kuliko zote ni miaka 18 ya James huyo, aliyetekwa baharini akiwa na miaka 11 mwezi Machi 1406, wiki chache tu kabla baba yake hajafariki. Kaimu wake alikuwa baba yake mdogo, duki wa Albany, mtu ambaye miaka minne kabla alikuwa amemweka kizuizini kaka mkubwa wa James, na kijana huyo akafia mikononi mwake huko Falkland. Albany hakuwa mtu mwema. Mwanawe Murdoch, aliyekuwa mateka wa Uingereza pia, alirudi nyumbani mapema zaidi kuliko mfalme, na ni vigumu kuamini kwamba hiyo ilitokea kwa bahati. Hata hivyo mtu huyo, mwenye damu ya kifalme, jeshi, hazina na miaka 14 ya utawala, alikufa mwaka 1420 akiwa bado kaimu. Kiti alikikaribia kuliko mtu yeyote, naye hakukikalia.

James alirudi akiwa na deni la pauni 40,000 na mafunzo aliyoyapata Uingereza ya jinsi mfalme anavyopaswa kuogopwa. Mwezi Mei 1425 aliwakata vichwa Murdoch, wana wake wawili na mkwewe, erli wa Lennox, aliyekuwa mzee sana, na mashamba yao yakawa ya mfalme. Vijana wa makabaila waliokwenda Uingereza kuwa rehani ya deni lake aliwaacha huko. Malipo yalisimama mapema, na baadhi yao hawakurudi tena. Februari 1437, katika nyumba ya watawa wa Kidominiko mjini Perth, watu walimvamia usiku. Inasimuliwa kwamba alijificha katika mfereji wa maji machafu chini ya sakafu, na kwamba angeweza kutokea upande wa pili kama siku chache kabla hakuwa ameamuru uzibwe kwa sababu mipira yake ya tenisi ilikuwa ikipotelea humo.

Wauaji walidhani nchi itawashukuru. Walikosea kipimo. Wengi waliomchukia James waliungana na malkia aliyejeruhiwa, wakawasaka wauaji mmoja mmoja, na wiki tano hivi baadaye mtoto wa miaka sita akavikwa taji Holyrood. Wafalme wote wa Uskoti kuanzia James huyo hadi James wa Tano walirithi kiti wakiwa hawajafika utu uzima, wa mwisho akiwa na mwaka mmoja na miezi mitano. Kila mara makabaila waligombania kumlea mtoto, na mara nyingine waliuana kwa ajili ya kumshika.

Mtoto huyo wa Holyrood akakua akawa James wa Pili. Mwezi Februari 1452, akiwa na miaka 21, alimwalika William, erli wa Douglas, kabaila mkubwa kuliko wote nchini, aje Stirling, na akampa hati ya kumhakikishia usalama wake. Baada ya chakula cha jioni mfalme alimtaka avunje mkataba wake na maerli wa Crawford na Ross. Douglas akakataa. Mfalme akachomoa kisu akamchoma kwa mkono wake mwenyewe, na watu wa nyumba yake wakamalizia. Mwili ulikutwa na majeraha 26.

Mwezi uliofuata ndugu wa marehemu waliingia Stirling na watu wao wakipuliza mapembe. Walikuwa na ile hati ya usalama. Waliifunga kwenye ubao, wakaufunga ubao kwenye mkia wa farasi, wakaiburuza kupita katika njia za mji wakimtukana mfalme na baraza lake, kisha wakauchoma mji moto. Mwezi Juni bunge lilikaa Edinburgh na kutamka kwamba marehemu alikuwa amekana hati yoyote ya usalama aliyokuwa nayo, na kwamba kifo chake alijitakia. Usiku mmoja wakati wa kikao hicho akina Douglas walileta barua ya kujitoa katika utii kwa mfalme, yenye mihuri yao wenyewe, wakaibandika kwenye mlango wa ukumbi wa bunge, mahali ambapo makabaila wenzao wangeikuta asubuhi.